Umeokoka na Nani? Maneno ya Kufunguliwa Dhambini katika Kiswahili cha Mlima Meru

Makala haya hayakusudii kuwafundisha Wakristo imani yao. Kazi hiyo ina wenyewe, na wengi wao wamefundishwa Makumira, mwendo mfupi tu kutoka kijiji nilichozaliwa, ambako chuo cha uchungaji cha Walutheri kilihamia mwaka 1954 kikitoka Lwandai katika milima ya Usambara. Kazi ya mtu wa lugha ni ndogo kuliko hiyo. Yeye huyachukua maneno ambayo wengine huomba na kuhubiri kwayo, akayageuza-geuza mkononi, akauliza yametoka wapi na yanasema nini hasa. Imani nitakayoitazama ni ile isemayo ya kwamba mwanadamu hajitoi dhambini kwa nguvu zake mwenyewe, bali upendo wa Mungu ndio unaomweka huru. Nimeisikia ikihubiriwa tangu utoto wangu katika makanisa ya Mlima Meru na ya Arusha mjini, na kwa muda mrefu nimekuwa na mashaka. Si juu ya imani hiyo, bali juu ya Kiswahili chake.

Mashaka hayo yalipata umbo siku moja huko Akeri, nyumbani kwa mama mmoja mzee, jirani yetu. Alikuwa na wana wawili waliogombania mpaka wa kihamba tangu baba yao alipofariki. Yule mdogo aliingia katika kikundi cha uamsho, na Jumapili moja jioni, mbele ya wageni, akasimama sebuleni kwa mama yake akatoa ushuhuda. Alisema kwa Kiswahili, maana baadhi ya wageni walitoka mjini nao hawakujua Kimeru. Alisema ameokoka, dhambi zake zote zimeondolewa, hana tena kinyongo na mtu. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, naye kwa Kiswahili, "Mwanangu, umeokoka na nani?"

Wageni wakacheka kidogo, wakidhani kwamba ulimi wa mama umeteleza, na kwamba alitaka kusema "umeokolewa na nani". Kijana naye alidhani vivyo hivyo, akajibu kwa upole, "Na Yesu, mama." Mama akatikisa kichwa, akainuka kwenda kutazama chai.

Sidhani kwamba ulimi wake uliteleza. Tukisema mtu "ameokolewa na fulani", fulani huyo ni mtenda, ndiye aliyemwokoa. Tukisema "ameokoka na", mtenda hana nafasi tena katika sentensi. Kiungo hicho "na" hubaki na maana mbili tu. Ama chasema "pamoja na", kama vile mtu aokokavyo na watoto wake katika mafuriko; ama chataja kile kilichokwepwa, kama vile mtu aokokavyo na moto au na maadui. Basi mama alikuwa akiuliza moja ya mambo mawili, au yote mawili kwa pamoja: ni nani aliyeokoka pamoja nawe? Au, ni nani uliyemkimbia? Yule kaka mkubwa hakuwapo sebuleni. Alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya mpaka ule ule, umbali wa kurusha jiwe.

Kauli hii yenye kikomo cha "-ka" inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa juu yake mahubiri mengi ya siku hizi yamejengwa. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, mtu ameokoka. Kila mara twaelezwa hali iliyopo, wala hatuelezwi nani aliyeileta. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu Uingereza, nilitumia karibu mchana mzima kujaribu kuwaonyesha wanafunzi wenzangu tofauti iliyopo kati ya "nimeokolewa" na "nimeokoka". Lugha yao hutumia maneno yale yale kwa yote mawili. Mwishowe mmoja aliuliza kama tofauti hiyo ina uzito wowote kwa mtu anayesali. Nilimjibu kwamba haina. Leo ningemjibu vingine.

Mwenzangu mmoja wa uamsho, mtu msomi na mwaminifu, amenipinga katika jambo hili, na ni haki nimtajie hoja yake. Asema kwamba mtu asemaye "nimepona" hamkani daktari, na asemaye "nimeshiba" hamkani aliyepika. Kuacha kumtaja mtenda si kumkataa; ni adabu ya lugha, maana kila mtu anamjua. Hoja hiyo ni nzuri, nami naikubali kwa upande wa sarufi. Lakini maneno hayaishi ndani ya sarufi peke yake. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukapitia Bukoba ukaenea katika makanisa ya kaskazini ya Tanganyika, ulikuja na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, ambao hata leo waimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Ulikuja pia na jina la watu wake, walokole. Nalo jina likishapatikana, hali huwa kundi. Sasa twasikia "waliookoka" na "wasiookoka" kama vile mtu atajavyo koo mbili. Mtu hutaja mwaka aliookoka kama atajavyo mwaka aliomaliza shule. Na jambo hilo latokea katika kanisa ambalo ibada yake ya kila Jumapili huwataka watu wote, mchungaji naye akiwamo, waungame na kusamehewa upya! Katika "kusamehewa" mtenda yumo, na kitendo hakina mwisho. Katika "nimeokoka" kitendo kimekwisha, na mtenda amebaki nje mlangoni.

Lipo andiko moja ambamo mambo haya matatu, yaani upendo, kufunguliwa na dhambi, yamekutana katika pumzi moja. Ni mwanzo wa Ufunuo wa Yohana, sura ya kwanza, aya ya tano. Historia yake kwa Kiswahili ni ya kushangaza, nami sijui kwa nini haijadiliwi zaidi. Tafsiri ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, hutumia hapo kitenzi "kuosha". Msomaji wa Kiswahili hupata picha ya nguo iliyochafuka ikafuliwa. Lakini nakala za Kiyunani hazikubaliani. Katika nyingine limo neno "lousanti", aliyeosha. Katika nyingine, nazo ni za kale zaidi, limo "lusanti", aliyefungua. Tofauti ni herufi moja, na yamkini masikioni mwa mwandishi aliyenakili kwa kusomewa tofauti hiyo haikusikika. Wataalamu wengi wa siku hizi wameshika "aliyefungua".

Mtu aweza kusema kwamba kuosha au kufungua, yote mamoja, dhambi zimekwenda. La hasha. Kuosha ni kazi inayomhusu mtu na mwili wake. Aliyechafuka aweza kuoshwa peke yake, katika chumba kilichofungwa, asionwe na mtu. Kufungua kwataka kwanza pawe na kamba, na kamba ina ncha mbili. Zaidi ya hayo, Kiyunani cha aya hiyo kimeutenga wakati wa upendo na wakati wa kufungua. Upendo umewekwa katika namna ya kitendo kinachoendelea. Kufungua kumewekwa katika namna ya jambo lililokwisha kutendwa mara moja. Kumbe upendo haukuwa ufunguo uliotumiwa kisha ukatundikwa ukutani. Mfungwa amekwisha kufunguliwa, na aliyemfungua bado anampenda.

Nimesema kwamba maneno haya yalikuja mlimani kila moja kwa njia yake. Njia ya "huru" na ya "kukomboa" ilianza pwani. "Huru" ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mtu asiye mtumwa. Huko Unguja lilikuwa neno la hati na la kadhi: mtu aliandikiwa huru na bwana wake, akawa na karatasi ya kuonyesha. "Kukomboa" ni neno la Kibantu, lakini nalo lilikuwa na kazi sokoni; kilichowekwa rehani hukombolewa kwa kulipa deni. Askofu Edward Steere, ambaye chini ya uongozi wake Agano Jipya la Kiunguja lilitayarishwa, alijenga kanisa lake kuu Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Miongoni mwa wanafunzi wa misheni yake waliomsaidia na waliomsikiliza walikuwamo vijana waliotekwa utumwani na kuachiliwa. Kwa watu hao, kuhubiri kwamba dhambi ni bwana mkatili na kwamba yuko aliyelipa fedha ili watoke mikononi mwake hakukuwa mfano. Walikuwa wamepimwa bei. Na kama Luther katika Katekisimo Ndogo aeleza ukombozi kuwa ni kununuliwa, tena si kwa dhahabu wala kwa fedha, hapana shaka kijana wa Kiungani alilielewa neno hilo kuliko Mjerumani wa Leipzig.

Lakini maneno hayo yalipopanda mlima, yalikuta historia nyingine. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa kwanza wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakaja kulipiza kwa bunduki. Mifugo ikachukuliwa, migomba ikakatwa. Mwaka 1900 Mangi Matunda wa Wameru alinyongwa pamoja na wakuu wengine, na boma la Arusha likajengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Wamisionari walirudi mwaka 1902, wakakaa Nkoaranga, na miaka miwili baadaye wakafika kwa Waarusha, Ilboru. Basi hapa mtu aliyesikia habari za "bwana" na za "kuwekwa huru" hakuwa ametoka utumwani hivi karibuni, alikuwa ameingia. Nusu karne baadaye neno hilo hilo lilipata kwa Wameru maana ambayo hakuna kamusi iliyoiandika. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu wapatao elfu tatu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Kwa wazee niliokua nikiwasikiliza, mtu huru hakuwa mtu asiye na bwana. Mtu huru alikuwa ni mtu mwenye mahali pake: ana kihamba, ana migomba aliyoachiwa na babaye, ana majirani wanaomjua kwa jina. Aliyeondolewa katika hayo yote, hata kama hana wa kumwamuru, walimwona kuwa amepotea.

Kisha ukaja Uhuru wa 1961, na Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika ikafanya makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na maneno yote mawili yakavaa sare. Silaumu. Lakini mhubiri wa leo asemapo "ukombozi" na "uhuru", vijana husikia kwanza kuondoka kwa mtawala. Yule bwana amekwenda, sasa najitawala. Hicho si alichokisema Paulo. Katika sura ya sita ya Warumi, mtu huwekwa huru mbali na dhambi na papo hapo huwa mtumwa wa haki, na Paulo mwenyewe aomba radhi kwamba asema kwa namna ya kibinadamu. Luther naye, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alishikilia mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba Mkristo hayuko chini ya mtu, na kwamba yuko chini ya kila mtu, kwa sababu ya upendo. Ajabu ni kwamba kanisa lililopokea imani yake kwa mikono ya Walutheri limeshika sana nusu ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakristo wa Meru waligawanyika vikali juu ya dayosisi, hata pakatokea kanisa jingine. Na pande zote mbili zilihubiri kuwekwa huru.

Sasa niligeukie neno "dhambi" lenyewe, ambalo katika safu hii ndilo linalosemwa sana na kuchunguzwa kidogo. Ni la Kiarabu, kama "toba" na "samehe" na "rehema". Kiswahili kiliyapata katika Uislamu, na Wakristo wakayapata katika Kiswahili. Upendo, wokovu na ukombozi, kinyume chake, ni vya Kibantu. Tazama basi jinsi lugha ilivyogawa kazi: ugonjwa una jina la kigeni, na dawa ina jina la nyumbani. Neno "dhambi" halina kitenzi chake. Hatuwezi kulinyambua, yatubidi tuseme "kutenda dhambi", na kwa hiyo dhambi huwa kitu, kama mzigo au doa. Hubebwa, huondolewa, huoshwa. Kitu chaweza kuondolewa bila kumgusa mtu wa pili.

Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya lake mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alijaribu kuyafukuza maneno ya Kiarabu katika Maandiko. Alisaidiwa na Waswahili wawili, Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, ambao mchango wao hautajwi inavyostahili. Jaribio lake lilipingwa tangu mwanzo, hasa na Broomfield wa Unguja, na kwa sehemu kubwa lilistahili kupingwa. Mtu hawezi kukisafisha Kiswahili Uarabu wake bila kukichuna ngozi. Neno kama "utengemano", alilolitia mahali pa "amani", lilikufa pamoja na tafsiri yake, wala halikuliliwa. Lakini mahali pa "dhambi" Roehl alipenda "makosa", na hapo nadhani alijikwaa juu ya kitu cha thamani asichokijua. Wapinzani wake walisema, nao walikuwa na haki, kwamba "kosa" ni jepesi mno. Mtu hukosa basi la asubuhi. Mtoto hukosa hesabu. Hata hivyo neno la Kiyunani "hamartia" nalo lilianza na mshale uliokosa shabaha. Tena "kukosa" kwa Kiswahili ni kutokuwa nacho: aliyekosa chakula ana njaa. Na zaidi ya hayo yote, kitenzi hiki chaweza kufanya jambo ambalo "dhambi" haiwezi kulifanya kamwe. Twaweza kusema "tumekosana". Hapo kosa si kitu tena kilichomo ndani yangu; ni ufa uliopo kati yangu na wewe, na kila mmoja wetu amesimama upande wake.

Hiyo ndiyo maana niliyoikuta, bila kuitafuta, nilipoanza kujifunza Kimaa cha Waarusha. Msomaji wa mbali hana budi kukumbushwa kwamba Mlima Meru una lugha mbili za asili zisizo na udugu. Wameru, upande wa mashariki na kusini, husema lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya Kichaga. Waarusha, upande wa magharibi, husema Kimaa, lugha ya Wamasai. Katika Kimaa neno la dhambi ni "engoki", nalo lataja kosa pamoja na laana inayolifuata, laana ambayo yaweza kuiingia nyumba nzima ya mkosaji, na mifugo yake pia. Mtu haoshwi engoki peke yake mtoni. Yambidi aliyekosewa atamke baraka.

Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi kwa Wamasai wa Loliondo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi jamaa mbili zilizokosana zinavyopatana. Kila upande hupika chakula, chakula kitakatifu, "endaa sinyati". Vyakula hivyo huletwa katikati ya boma, vikabadilishwa, na kila upande ukala kilichopikwa na upande wa pili. Hapo ndipo "osotua" mpya huanza. Neno hili "osotua" lina maana ya patano na amani, na ya uhusiano wa watu wapeanao katika shida. Lakini maana yake ya kwanza ni kitovu, ule utambi unaomfunga mtoto na mamaye. Nao waliofasiri Maandiko kwa Kimaa walipotafuta neno la "Agano" walilichukua hilo. Agano Jipya kwa Kimaa ni Osotua Ng'ejuk, kitovu kipya.

Nalinganisha na "agano" letu la Kiswahili, na nakiri kwamba naona wivu. "Agano" latoka katika "kuagana". Zamani kuagana kulikuwa ni kuahidiana, lakini leo ni nani anayesikia hivyo? Watu huagana kituoni, basi likiwa linaondoka. Neno ambalo Mwarusha husikia ndani yake mtoto na mama, Mswahili husikia ndani yake kwaheri. Sisemi kwamba neno libadilishwe. Limezoeleka mno, na kitabu chenyewe chaitwa kwa jina hilo. Nasema tu kwamba mhubiri wa Ilboru aliyekulia katika Kimaa ana mali nyumbani kwake, naye huiacha mlangoni kila apandapo mimbarini kuhubiri kwa Kiswahili.

Mfano wa kutupa mali namna hiyo ni "kifungo". Katika sura ya tatu ya Waraka kwa Wakolosai, Paulo auita upendo kuwa ni kile kinachofunga mambo yote pamoja, na tafsiri ya Muungano imetumia hapo neno "kifungo". Nimewasikia wahubiri wawili wakilipita neno hilo mbio, na wa tatu akaliomba radhi. Sababu yaeleweka: kifungo ni miezi sita jela. Ni cha shati pia, na hapo angalau maana yakaribia. Walakini mimi naliona neno hilo kuwa la ujasiri, na pengine wafasiri walijua walichokifanya. "Kufunga" na "kufungua" ni shina moja. Kimoja hutengua kingine. Ikiwa dhambi ni kifungo na upendo nao ni kifungo, basi kuwekwa huru si kubaki bila kamba yoyote, kama mbuzi aliyekata kamba akaingia shambani kwa watu. Ni kufunguliwa kamba moja na kufungwa nyingine. Mhubiri angekaa hapo kwa nusu saa, angeweza kuwaeleza wasikilizaji wake Warumi sita bila kutaja soko la Unguja hata mara moja.

Hata neno la upendo lenyewe halikupata matunzo. Muungano husema mara "upendo", mara "pendo", na sijaona kanuni inayogawa. "Mapenzi", ambayo ni ndugu yao wa tumbo moja, yalitengwa yakapewa kazi nyingine: mapenzi ya Mungu ni yale anayoyataka. Nje ya kanisa mapenzi ni ya kijana na msichana. Kwa hiyo Mkristo wa Kiswahili ana neno moja la kile ambacho Mungu anakitaka na kile ambacho mpenzi anakihisi, na wachungaji wengi huliona hilo kuwa aibu. Mimi nisingeona aibu. Lugha yetu haikuweka ukuta kati ya kutaka na kupenda, na imani ninayoizungumzia yasema kwamba katika Mungu ukuta huo haupo.

Wale ndugu wawili wa Akeri walikaa miaka minne bila kula pamoja. Siku moja mke wa yule mdogo, Mchaga wa Machame, alikata jani la sale kwenye mpaka ule ule uliokuwa ukigombaniwa. Wenye kuzijua desturi za Uchagani wanajua kwamba jani hilo ni la kuombea msamaha, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kwa wepesi. Akampa mumewe, naye akaenda nalo kwa kaka yake usiku, asije akaonwa na watu wa kikundi chake, maana baadhi yao huyaita mambo hayo ushenzi. Mama aliniambia baadaye kwamba mlangoni kijana hakusema neno la kuokoka. Alisema, "Kaka, tumekosana." Yote haya niliyapata kwa mama, wana wake hawajanieleza, nami sikuwauliza.

Kama ningeombwa shauri na watakaoipitia tena tafsiri ya Ufunuo, ningeanza na sehemu ya upendo. Kiswahili kina namna ya kurejesha isiyotaja wakati, "apendaye", ambayo haisemi leo wala jana, nayo yalingana na Kiyunani cha mahali hapo kuliko "anapenda" yoyote. Kwa sehemu ya pili ningeliacha "kuosha" liende pambizoni, na ndani ya aya ningetia "aliyetufungua", kwa wakati uliopita ulio wazi, mtenda akiwa ndani ya kitenzi asipate mahali pa kutokea. Najua ubaya wake. Katika mikutano ya injili ya Arusha mjini "kufunguliwa" siku hizi ni kutolewa pepo, au kufunguliwa biashara iliyokwama, na matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme. Niliwasomea wazee watatu wa Akeri maneno hayo kwa sauti, baada ya ibada. La kwanza walilikubali mara moja. Juu ya la pili walibishana mpaka chai ikapoa, na mmoja wao, aliyekuwa mwinjilisti miaka thelathini, alisema yeye angelipokea kama ningeongeza pia tumefunguliwa ili tufungwe na nani.